Zulia la Buti

Section 58, Nakuru
6 Oktoba 2007

Kwako Anko Gachanja,

Pokea salamu zetu. Shosho, mama yako, ni mzima, ila magoti yanamsumbua asubuhi. Amemaliza kuvuna viazi huko Molo na amekataa tena kuja kukaa nami mjini. Anasema chumba changu ni cha panya, na kwamba panya wenyewe wanaonekana wamebanana. Anauliza kama huko Munich mnapata viazi. Nilimwambia viko tele, lakini hakuamini.

Nami nimepata kazi, Anko. Ni karani wa mapokezi katika gereji ya Mzee Gopal. Gari likiingia, nalizunguka pamoja na mwenyewe, naangalia palipokwaruzwa, nafungua milango na buti, ndipo mafundi waliguse. Mzee Gopal aliniambia siku ya kwanza: "Wewe fungua buti kwanza, bana. Mtu akija kudai jeki yake kesho, sisi tunajua alikuja na jeki ama alikuja na mdomo tu." Ni kazi ya woga, na woga ninao wa kutosha, kwa hivyo naiweza.

Ile BMW nyeusi uliyomtafutia Mzee Mathenge wa kanisani kwetu ilifika salama kutoka Mombasa. Ilikaguliwa kwetu, na Jumapili ikapelekwa kanisani kuombewa. Pasta akashika chupa ya mafuta akaanza kuyamimina juu ya boneti. Mzee Gopal, aliyekuwa amealikwa, aliruka na kitambaa. "Pasta, pasta, si juu ya rangi! Paka tairi, Mungu anaona hata tairi!" Watu walicheka sana. Baadaye wakapanga foleni kuligusa gari. Mama mmoja alilibusu kwenye taa. Nisamehe nikisema ukweli, Anko, nilihisi kinyaa kidogo. Watu wale wale hawakuwa wamemshika mkono mgonjwa aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nyuma.

Halafu Mzee Mathenge akainua kalenda iliyo na picha ya makao makuu ya kampuni, yale mapipa manne ya fedha yaliyosimama pamoja, akatangaza kwamba kijana wetu Gachanja anafanya kazi humo ndani. Shosho alilia kwa furaha. Ni kweli, Anko? Hukuwahi kutuambia. Na mbona jengo limejengwa hivyo?

Mwanao,
Kihara

*

Munich
29 Oktoba 2007

Kihara,

Barua yako imenifurahisha. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, na jua linachungulia kama mdeni. Mwambie Shosho kwamba viazi ninakula hadi nimechoka, lakini vya huku havina ladha ya udongo.

Kuhusu jengo. Ni minara minne ya duara iliyoshikana, na ukiitazama kwa mbali unaona silinda nne za injini. Hiyo ndiyo nia yake: kampuni ya magari inakaa ndani ya injini. Ila ajabu yake ni nyingine. Ile minara haikusimama juu ya ardhi. Katikati kuna nguzo moja kubwa ya zege, juu yake boriti za chuma zilizopishana kama msalaba, na ghorofa zote zimening'inizwa kutoka huko juu. Walipojenga, walizitengeneza ghorofa chini na kuzivuta juu, ya juu kabisa ikitangulia. Ukienda ukainama utaona: zinaishia hewani. Mara ya kwanza nilisimama pale nikashikwa na kizunguzungu.

Kando yake kuna makumbusho kama bakuli, sasa yamefungwa kwa ukarabati. Na mwezi huu wamefungua ukumbi mpya ng'ambo ya barabara. Paa lake limejipinda kama wingu. Mnunuzi huja humo kuchukua gari lake jipya. Gari huwekwa kwenye sahani inayozunguka polepole chini ya taa, naye anashuka ngazi kulifuata, mke na watoto nyuma yake. Nimeona mzee mmoja Mjerumani akipangusa machozi. Kwa hivyo usiwacheke mama zetu wa kanisani. Watu ni wale wale.

Jengo ninaliona kila siku nikienda kazini.

Mzee Mathenge mheshimu. Ni mtu wetu. Mengi aliyonifanyia hakuyajua hata marehemu baba yako. Fanya kazi yako, usiseme sana, usionekane kudharau.

Anko wako,
Gachanja

*

Munich
11 Januari 2008

Kihara,

Nimepiga simu tangu siku ile ya matokeo ya uchaguzi. Yako haiingii, ya jirani ya Shosho haiingii. Kwenye televisheni wanaonyesha Eldoret na Molo, nyumba zinawaka, na wanapoonyesha watu barabarani mimi nasogea hadi kwenye kioo nikitafuta leso ya Shosho. Sijui kama posta inafanya kazi, lakini natuma. Niambie habari za kila mtu, hata wa kazini kwako. Andika hata mstari mmoja.

Gachanja

*

Section 58, Nakuru
18 Februari 2008

Kwako Anko,

Barua yako ilifika jana. Tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza.

Nyumba ya Shosho ilichomwa wiki ya mwaka mpya, pamoja na ghala na mbwa aliyekuwa amefungwa. Waliochoma ni vijana anaowajua. Mmoja alikuwa akimpelekea maziwa. Aliyemtoa huko ni Mzee Mathenge, na hili lazima nilieleze vizuri. Alipanda Molo mwenyewe na lile gari lake, vizuizi vikiwa barabarani, wakati dereva wake alikuwa amekataa. Alimlaza Shosho kwenye kiti cha nyuma, akamfunika blanketi, akamshusha hadi nyumbani kwake Kiamunyi. Hadi leo yuko huko. Analala chumba kizuri, anapewa maziwa, na kila asubuhi wanasali pamoja. Anasema Mungu alililinda lile gari kwa ajili ya yale mafuta ya pasta.

Mwisho wa Januari ghasia zilikuja mjini, safari hii zikiwa za watu wetu kulipiza kisasi kwa makabila mengine. Nilijifungia chumbani. Sikuona mengi. Nilisikia.

Uliniuliza habari za watu wa kazini. Mzee Gopal na familia yake ni wazima. Anyango, mama anayetupikia chai, yuko kambini kwenye uwanja wa michezo pamoja na wengine waliofukuzwa makwao, ila huja kazini. Mumewe Owiti, yule seremala aliyetutengenezea rafu za ofisi, hajaonekana tangu siku zile. Anyango ameenda mochari mara nyingi. Huvuta zile droo yeye mwenyewe.

Sasa nina ombi, na si langu. Mzee Mathenge anahitaji zulia jipya la buti la gari lake, rangi nyeusi. Anataka la kampuni lenyewe, si kipande cha kushonwa na fundi wa viti hapa mjini. Anasema wewe utalipata kwa urahisi kwa kuwa uko humo ndani. Anataka lije na mtu mkononi, si kwa posta.

Tafadhali usiniulize kwa nini. Niko salama. Ninanawa mikono sana siku hizi, labda ni baridi ya asubuhi.

Kihara

*

Munich
7 Machi 2008

Kihara mwanangu,

Nililia kwenye treni nikisoma kuhusu Shosho. Mzungu mmoja akanipa kitambaa cha karatasi. Mwambie Mzee Mathenge sina la kumlipa. Nimempigia mwenyewe tukaongea, na sauti yake ni ile ile, kama mtu aliyekaa karibu na moto. Anakusifu. Anasema una macho makali.

Zulia nimelipata, kutoka gari lililogongwa mbele na nyuma yake ikabaki safi. Lakini nikuulize kama mtu wa kazi hii. Katika miaka yote niliyouza vipuri, zulia la buti sijaulizwa. Watu huja kutafuta taa, vioo, breki. Zulia la buti ndicho kitu cha mwisho kuharibika katika gari. Gari linakufa, zulia bado lina nyuzi zake. Mlimwaga nini humo? Rangi? Au wazee walibeba mbuzi wa mahari wakashindwa kungoja wafike ndipo wachinje? Hata mbuzi, unaosha na sabuni. Mzee nilipomuuliza alicheka akasema nikuulize wewe.

Haya, nieleze, tucheke wote. Tunahitaji kucheka.

Gachanja

*

Nakuru
30 Machi 2008

Kwako Anko,

Barua hii anaitia posta Hemali, binti ya Mzee Gopal, huko Nairobi anakosoma. Yule anayepanga barua kwenye posta ya hapa anaimba kwaya moja na Mzee Mathenge. Ukimaliza kusoma, fanya utakavyo nayo.

Shosho hajambo. Umeandika kwamba unauza vipuri. Kwa hivyo hufanyi kazi ndani ya lile jengo. Sikulaumu, nilifurahi hata. Nilidhani kwamba mtu asiyekaa huko juu ataona vizuri zaidi.

Umeniuliza tulimwaga nini.

Tulipofungua gereji Februari, Mzee Mathenge alileta gari mwenyewe, amevaa suti. Nikalizunguka naye kama kawaida. Tulipofika nyuma akasema, "Hapo acha. Wape vijana wa kuosha moja kwa moja." Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza. Si ushujaa, Anko, mimi sina ushujaa. Ni mazoea ya kazi.

Kilichotoka kwanza ni harufu. Mtu alikuwa amemwaga Jik ya kufulia, na juu ya Jik manukato ya kike, na chini ya vyote viwili kulikuwa na harufu ya buchari siku umeme umepotea. Zulia lilikuwa limelowa likakauka, gumu kama ngozi iliyoanikwa. Nzi alitoka akanigonga mdomoni. Kwenye kona kulikuwa na tepu ya kupimia mbao, mgongo wake umefungwa nailoni ya kijani. Niliijua. Owiti alipotengeneza rafu zetu aliisahau mezani kwangu mara mbili, na mara zote mbili nilimkimbilia nayo hadi getini.

Mzee Mathenge akaichukua. Akaivuta kidogo, akaiachia ikarudi kwa kishindo, akaitia mfukoni.

"Kijana wa nyumba ya Gachanja," akasema, "unajua damu ya mbuzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Hii ni ya nini?"

Nilitazama ule mfuko alimoitia tepu.

"Shosho wako amelala vizuri kwangu leo. Nimemwacha anakunywa uji. Nimekuuliza, hii ni ya nini?"

"Ya mbuzi, mzee."

"Sema kama mtu aliyesoma."

"Ni damu ya mbuzi."

"Eeh. Mbuzi mwenye kelele, huyo." Akanipiga begani taratibu, kama unavyompiga mtoto aliyepita mtihani. Akasema akiulizwa na mtu yeyote, atajibu kwamba mwisho wa Januari gari lake lilikuwa kwetu gerejini, na karani atathibitisha. Akaniambia nilitoe zulia nilichome. Lilichomwa nyuma ya gereji, kwenye pipa la mafuta.

Nilikwenda kwa Mzee Gopal. Hakuinua uso. "Kihara, unasikia harufu? Mimi sisikii. Mimi nina mafua. Mwezi moja sasa nina mafua."

Jumapili iliyofuata nilialikwa Kiamunyi kula na Shosho. Mzee Mathenge alinikatia nyama kwa mkono wake, akaiweka kwenye sahani yangu, na meza yote ikangoja nile. Nilimeza. Nilitoka nikatapika kwenye maua ya waridi. Shosho alisema nina minyoo.

Anyango huniletea chai kila asubuhi. Hawezi kukaa matanga, hawezi kuacha. Wakwe zake humpigia simu: kama amekufa tuonyeshe, kama yu hai mlete. Anakwenda kazini, mochari, kambini, anarudi kazini. Jana aliniambia, "Kihara, wewe umekonda kuliko mimi mwenye shida. Wataka nikuazime?" Akacheka. Nilishindwa kumtazama.

Anko, sijui la kufanya. Nakuomba jambo moja tu. Usilitume lile zulia. Maadamu buti limebaki bila zulia, mtu anaweza kuuliza.

Kihara

*

Munich
2 Mei 2008

Kihara,

Barua yako nimeichoma kwenye sinki. Mambo ya namna ile hayaandikwi.

Zulia limeshasafiri. Lilichukuliwa na mtu aliyekuwa akienda Nairobi kabla barua yako haijafika. Usiniulize kama ningelizuia.

Ndiyo, siko ndani ya jengo. Nafanya kazi katika duka la vipuri vilivyotumika, nyuma ya reli. Nikipanda ngazi kupanga milango ya magari naona vichwa vya ile minara. Mzee Mathenge anajua tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyenisimamia nilipokuja huku nikiwa sina mtu. Aliponiuliza kama aseme kanisani kwamba niko humo, nilimwambia aseme. Kwa Shosho. Mama yangu amenililia miaka yote hii, nami nilitaka alie mara moja kwa furaha. Hilo nalo ni dhambi?

Sasa nisikilize. Wewe uliona zulia chafu na tepu. Tepu za seremala ziko nyingi. Kulikuwa na vita, na kwenye vita watu wengi walibebwa kwenye magari mengi, wengine wakipelekwa hospitali. Hujui. Mzee alipanda Molo, akapita vizuizi, akamtoa mama yangu kwenye moto. Hilo unalijua kwa hakika. Wale waliomchomea nyumba walikutwa na tepu? Kuna mtu aliyefungua buti zao?

Ilikuwa damu ya mbuzi. Umeshasema mara moja, na kusema mara ya pili hakuumi. Na kabla hujafungua mdomo kwa huyo mama wa chai, jiulize Shosho atalala wapi.

Gachanja

*

Ahero
27 Agosti 2008

Kwako Anko,

Habari za nyumbani ni njema kuliko ulivyoogopa. Shosho ametoka Kiamunyi. Yuko chumbani kwangu Section 58, na Wachuka wa mlango wa pili humpikia nisipokuwepo. Hakufukuzwa. Nilimweleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, tukiwa nyuma ya nyumba ya Mzee Mathenge. Aliingia ndani, akatandua kitanda alichokuwa amelalia, akayakunja mashuka, akatoka na leso yake na viatu. Mzee Mathenge alimfuata hadi getini akimwita mama. Shosho hakugeuka. Njiani aliniambia tu, "Nimekunywa maziwa ya mtu huyo miezi yote." Akatema mate kando ya barabara, tukaendelea. Sikujibu barua yako ya Mei mapema kwa sababu nilitaka jambo hili litangulie.

Zulia lako lilifika. Lilikaa sawasawa kana kwamba lilizaliwa humo. Nililiweka mimi, kwa mikono yangu, Mzee Mathenge akiwa amesimama nyuma akisema, "Wajerumani! Ona hiyo kona!" Juni gari liliongoza harusi ya kanisani. Maharusi walikaa nyuma, na kwenye buti walipanga keki na soda. Watu walizivamia zile keki kama nzige. Mimi nilisimama nje. Kinyaa nilichokuwa nacho silijui jina lake, Anko. Hakikuwa cha damu tena. Kilikuwa cha usafi.

Nilidhani nitakaa hivyo. Uliniandikia kwamba ghorofa za lile jengo hazigusi chini, kwamba zimening'inia kutoka juu. Nililifikiria sana. Wewe una Mzee Mathenge wa kukushika huko juu, na mimi nilikuwa naanza kuzoea.

Julai nilimkuta Anyango anasuuza vikombe. Nikamwambia, "Anyango, usiende mochari tena."

Alikiweka kikombe chini. "Umemwona?"

"Sikumwona yeye. Niliona tepu yake, na damu. Kwenye buti la gari."

"Gari gani?"

Nikamwambia. Alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Lini?"

"Februari."

"Februari," akasema. "Na mimi nimekuwa nikikupikia chai." Akakaa juu ya kreti ya soda. "Na sukari ulikuwa unaongeza."

Afadhali angenipiga.

Baadaye nilimwambia lile ambalo hata wewe nilikuficha. Nilikuandikia kwamba zulia lilichomwa. Halikuchomwa. Siku ile nilichoma magunia na mpira wa tairi hadi moshi ukawa mweusi wa kumridhisha Mzee Mathenge. Zulia nililikunja, nikalifunga kwa nailoni, nikaliweka chini ya tairi kuukuu kwenye stoo. Sikuwa na mpango. Sikuweza tu kuliwasha. Tume ya kuchunguza ghasia ilipotangazwa, nikawaza kwamba sasa lina kazi. Nilimwambia Anyango tulipeleke huko pamoja.

Aliomba kuliona. Nilifungua. Harufu ilikuwa bado. Yeye hakuziba pua. Alipiga magoti akaliwekea kiganja, akakiacha hapo.

"Kwetu," akasema, "mtu akipotea, majini au vitani, tunazika yago. Tunda refu la mti, zito kama mtoto. Linalala kaburini mahali pake. Lakini lazima ujue amekufa. Ukimzikia yago mtu aliye hai umemwita kaburini. Ndiyo sababu nimekaa tu." Akanitazama. "Sasa najua. Na yago ya nini? Yeye mwenyewe yuko hapa."

Nilimwelewa, nikaogopa. Nilimwambia hiki ndicho kitu pekee tulicho nacho. Tume itataka kuona, daktari atapima. Tukikizika, kitabaki nini? Nikamwambia tukate kipande. Nusu kwake, nusu kwa tume.

"Kihara, wewe ukifa nikuzike nusu?"

Alilibeba lote.

Mzee Gopal alituazima pikapu yake. Alisema bado ana mafua, ila funguo ziko kwenye msumari. Ndiyo maana nakuandikia kutoka huku kwa wakwe zake Anyango. Jana tulimzika. Kaburi lilichimbwa la urefu wa mtu, na jeneza lilikuwa la kweli. Ndugu zake Owiti, ambao pia ni maseremala, walilitengeneza kwa mbao safi. Ndani waliliweka zulia, limefunikwa shuka. Wazee walibishana. Mmoja alitaka yago, kama ilivyo desturi. Mama mzazi wa Owiti ndiye aliyeamua. Aliinama akanusa shuka, akasema, "Mfunikeni."

Jina langu wanalijua linatoka wapi. Vijana walikuwa wamenizunguka tangu asubuhi, hawanigusi, hawaniachi. Wakati wa kutupa udongo, mzee mmoja aliuliza kwa Kiswahili, ili nisikie, "Na huyu wa kwao anatupa udongo kama nani?"

Anyango akasema, "Ndiye aliyemleta."

Nilitupa. Nusu ya udongo ikaanguka kwenye kiatu changu. Hakuna aliyecheka.

Anko, kesho narudi Nakuru. Mzee Mathenge ameshauliza gerejini niko wapi, na ameuliza zulia la zamani liliteketea lote au la. Hemali amenipigia akanionya. Hata hivyo nimeandikisha jina langu, na Jumanne nitakaa mbele ya tume. Sina cha kuwaonyesha. Nitawaambia nilichokiona kwenye buti, nilichokinusa, na nilichosema nilipoambiwa niseme kama mtu aliyesoma. Nitawaambia pia kuhusu Molo, blanketi na vizuizi, kwa sababu hayo nayo ni kweli.

Wataniuliza buti limepataje kuwa safi. Wataniuliza zulia jipya lilitoka wapi na nani alilitafuta. Mimi si mtu wa kudanganya chini ya kiapo, unanijua. Nitawatajia jina lako, na duka lililo nyuma ya reli, na kwamba niliomba usilitume.

Nimekuandikia mapema ili usilisikie kwa mwingine. Ukitaka kuwaambia wewe kwanza, simu ya tume iko kwenye magazeti.

Shosho anakusalimia. Bado hajui kuhusu jengo. Hilo nimekuachia wewe.

Mwana wa ndugu yako,
Kihara